Barua ya wazi kwa wakala uliotupeleka masomoni China: "Vumilia" si huduma tuliyoilipia

Kiboriloni, Moshi
4 Agosti 2025

Kwa Mkurugenzi na maofisa wote wa wakala,
Arusha.

YAH: UANGALIZI WA WANAFUNZI TULIOULIPIA TUSIUPATE

Ndugu Mkurugenzi,

Shikamoo. Mimi ni mmoja wa wanafunzi tisa mliotusafirisha kwenda Harbin, China, Septemba 2023, kusomea udaktari. Niko nyumbani kwa likizo, na mwezi ujao narudi kuanza mwaka wa tatu.

Nakuandikia hadharani kwa sababu njia nyingine zote nimezijaribu. Februari 2024 niliwatumia barua pepe ya kurasa mbili, haikujibiwa. Machi mwaka huohuo baba alifunga safari hadi ofisini kwenu, akaambiwa kwamba watoto wa siku hizi wamedekezwa. Tarehe 15 Julai mwaka huu nilikuja mwenyewe. Nilikaa kwenye benchi la mapokezi tangu saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, nikaambiwa uko kikaoni, niache ujumbe. Niliuacha. Wiki tatu zimepita.

Jina la wakala wenu silitaji. Sina nia ya kuwafungia biashara. Ninyi mnajijua, na wazazi waliopita kwenu watajitambua. Ila najua mnalo kundi jipya linaloondoka Septemba, na semina yao ni Jumamosi tarehe 16 mwezi huu. Kati yao yumo binti wa jirani yetu. Amenionyesha koti alilonunuliwa mtumbani, akaniuliza kama litatosha. Nilipomwangalia nilijiona mimi miaka miwili iliyopita, na usiku huo ndipo nilipoamua kuandika.

Ukurasa wa tatu wa mkataba wetu una mstari usemao: "uangalizi wa mwanafunzi katika mwaka wa kwanza, dola 400." Ili kuzipata hizo na nyinginezo, baba aliuza ng'ombe wa maziwa na mtamba wake. Nakuomba usome malalamiko yangu ukiwa na mstari huo mbele yako.

1. Semina iliyojua mizigo kuliko watu

Semina yenu ilichukua saa tatu, katika ukumbi wa hoteli karibu na Mnara wa Saa. Saa ya kwanza iliishia kwenye mabegi: mawili kwa kila mtu, kilo 23 kila moja, na faini ya kuzidisha. Ya pili ilikuwa ya ada na namna ya kutuma fedha. Ya tatu tulionyeshwa picha za chuo, theluji ikiwa juu ya mapaa, na watu wakapiga makofi. Mama mmoja alinyanyua mkono akauliza, "Na mtoto akizidiwa na upweke?" Ofisa wenu akamjibu, "Huko Watanzania wapo wengi, mama. Watakuwa kama nyumbani."

Tuliowakuta walikuwa kumi na wawili, wametawanyika katika vyuo vitatu, kila mmoja na mitihani yake. Walitupokea kwa moyo wote. Lakini hakuna aliyekuwa ameambiwa kwamba anapaswa kutulea.

Mwaka 1960 mwanaanthropolojia Kalervo Oberg aliandika kuhusu mshtuko wa utamaduni na kuugawa katika hatua. Mwanzoni mgeni hufurahia kila kitu, kama yuko fungate. Baadaye hufika wakati kila kitu kinamchosha na kumkera: chakula, lugha, namna watu wanavyopanga foleni, hata sauti zao. Kisha pole pole huanza kuelewa, na mwisho hutulia. Si kila mtu hupita humo kwa mpangilio uleule, lakini hiyo hatua ya pili wengi wetu tuliipita barabara. Mimi niliyasoma hayo peke yangu, maktaba, Machi 2024, na nilifunika uso kwa daftari nikalia. Miezi minne nilikuwa naamini nimeharibika akili, au nimerogwa, au Mungu ameniacha. Kumbe kilichonipata kilikuwa kimeandikwa kabla baba yangu hajazaliwa.

Ndugu Mkurugenzi, hiyo ilikuwa kazi ya dakika kumi. Mtu angesimama mbele yetu pale hotelini na kusema: "Kuanzia mwezi wa pili au wa tatu mtaichukia Harbin. Ikifika siku hiyo usidhani umeshindwa. Nipigie simu."

2. Wiki mbili za kwanza, wazazi gizani

Tulipanda ndege KIA, tukabadilisha Addis Ababa. Hadi tunafika Harbin nilikuwa na dola 600 nilizoshonewa na mama kwenye mfuko wa ndani wa sketi. Zilikuwa kama karatasi tu. China ya leo watu hulipa kwa simu: unaskani picha ya mistari na vidoti iliyobandikwa dukani, basi. Muuza viazi vya kuchoma barabarani anayo hiyo picha. Ili simu zetu zilipe tulihitaji akaunti ya benki, akaunti ilitaka pasipoti, na pasipoti zetu zilikuwa polisi zikishughulikiwa kibali cha kuishi. Siku kumi na moja tulikula kwa kuazima kwa wenzetu waliotutangulia. Hili halikuwa siri. Kila kundi mlilopeleka kabla yetu lilikwama palepale.

La simu lilituumiza zaidi. WhatsApp haifanyi kazi China, wala Google, wala Facebook. Watu hutumia WeChat. Mama anauza mitumba hapa Kiboriloni. Simu anayo, na kijana wa duka la jirani alimwekea hiyo programu. Lakini mtu mpya akitaka kufungua akaunti ya WeChat mara nyingi hutakiwa kuthibitishwa na mtu mwingine aliye nayo tayari. Mama angempata wapi mtu huyo Kiboriloni? Alikaa siku kumi na sita bila kusikia sauti yangu. Alipiga simu ofisini kwenu mara nne. Mara ya nne aliambiwa, "Mtoto akiharibikiwa na simu, hilo si letu." Mama huyo hakuwahi kukaa siku mbili bila kujua nimekula nini. Baba ananiambia alikuwa anaamka usiku na kukaa sebuleni, taa imezimwa, simu mkononi.

Pale kwenye semina tulikuwa na wazazi ishirini na zaidi ukumbini, na maofisa wenu wote wana WeChat. Mngeweza kuwaunganisha wote kabla ya chai.

Na hata tulipounganishwa, mlikuwa mmekwisha kutuambia kwamba tofauti ya saa ni "ndogo tu". Ni saa tano. Mama anafunga biashara saa kumi na mbili jioni. Kwangu ni saa tano usiku, na saa mbili asubuhi nina kipindi. Nikitoka darasani saa sita mchana, Moshi ni saa moja asubuhi, na mama yuko njiani kwenda sokoni, kwenye daladala, hasikii. Ilituchukua miezi kugundua kwamba Jumapili baada ya ibada yake ndiyo saa pekee ya kuongea bila mmoja wetu kusinzia.

3. Giza

Hapa naomba nikae kidogo, maana hili ndilo lililotuangusha.

Mlituambia kutakuwa na baridi. Kweli, ipo. Januari ya Harbin kushuka hadi nyuzi 25 chini ya sifuri ni jambo la kawaida, na mto Songhua huganda mpaka watu wanatembea juu yake. Lakini baridi ina dawa: koti, soksi mbili, na mabweni yao yana mabomba ya joto tangu Oktoba. Nani alituambia habari za jua?

Sisi tumezaliwa karibu na ikweta. Jua la Moshi linachomoza na kuzama karibu saa zilezile Januari hadi Desemba, hatujawahi kulifikiria. Harbin iko nyuzi 45 kaskazini, na China nzima hutumia saa moja, ya Beijing, ingawa Harbin iko mbali mashariki. Matokeo yake ni kwamba mwezi Desemba jua huzama saa kumi kasoro dakika kumi alasiri. Saa kumi, Ndugu Mkurugenzi. Huku ni wakati watoto wanatoka shule na vumbi la Kiboriloni linang'aa. Mimi nilitoka maabara nikakuta usiku.

Mwili wangu ulidhani siku imekwisha. Nilikuwa narudi bwenini, najitupa kitandani na viatu, naamka saa nane usiku na kubaki macho mpaka asubuhi. Kisha nikaacha kwenda kula. Kisha nikaacha kujibu simu za mama, kwa sababu kila akiuliza "umekula?" nilikuwa nadanganya, na sauti yake ilionyesha anajua. Nywele zilianza kukatika. Nilikuwa nafungua kabati na kunusa kanga aliyonipa bibi, mpaka harufu ya moshi wa jikoni ikaisha ndani yake, na siku ilipoisha nililia kama nimefiwa.

Sasa ninasomea mwili wa binadamu, kwa hiyo niruhusu nieleze. Ngozi hutengeneza vitamini D kwa mwanga wa jua. Katika nchi za kaskazini jua la majira ya baridi huwa dhaifu mno kwa kazi hiyo, na ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi kwenye jua kuliko ngozi nyeupe. Tena kuna huzuni inayokuja na majira ya giza, ambayo daktari Norman Rosenthal na wenzake waliieleza mwaka 1984 na kuipa jina. Matibabu yake mojawapo ni kukaa mbele ya taa yenye mwanga mkali kila asubuhi. Taa! Daktari wa chuo alinieleza hivyo Februari, akanipima damu na kunipa vidonge, akaniambia nitembee nje kila siku saa sita mchana, hata kwa nusu saa. Wiki tatu baadaye nilianza kulala usiku.

Yote hayo yalikuwa yanajulikana. Mmekuwa mkipeleka watoto wa Arusha na Moshi kaskazini mwa China, kwa maneno yenu wenyewe, kwa miaka mingi.

Na ile hamu ya nyumbani yenyewe si jambo la jana. Mwaka 1688 kijana Mswisi aliyekuwa akisomea udaktari Basel, Johannes Hofer, aliandika tasnifu juu yake na kuitungia jina la Kigiriki linalounganisha kurudi na maumivu. Mmoja wa wagonjwa aliowaeleza alikuwa mwanafunzi kutoka Bern aliyekwenda kusoma Basel, akadhoofika mpaka watu wakamkatia tamaa. Walipoanza kumrudisha kwao, alipata nafuu njiani, kabla hajafika. Kutoka Bern hadi Basel si mbali kama kutoka hapa hadi Dodoma, na lugha ni moja. Sisi mlitupeleka bara jingine.

4. Krismasi

Wewe ni mtu wa Kaskazini, unajua Krismasi ya Uchagani ni nini. Mabasi ya Dar hayatoshi, barabara ya kupanda Kibosho na Marangu inajaa magari, na mtu ambaye hakuonekana mwaka mzima anaonekana siku hiyo. Kwa bibi tunapika mtori wa ndizi mshare, baba na wajomba wanachinja, na usiku kuna mbege na nyimbo. Asubuhi, mawingu yakiwa na huruma, Kibo inaonekana.

Krismasi ya 2023 iliangukia Jumatatu. China si sikukuu. Nilikuwa na kipindi cha anatomia asubuhi na Kichina mchana. Jioni tulikutana watano katika chumba kimoja kupika ugali. Jimbo lile linalima mahindi mengi, lakini unga wake ni wa njano na laini kama poda. Bibi angeuita yanga. Ulikataa kushikana. Tulikula na kijiko, hatukuongea. Mama alinipigia video ili nione watu, simu ikapita mkono hadi mkono, shangazi, binamu, watoto nisiowajua, na kila mmoja alikuwa anasema kwa furaha, "Unaona theluji? Una bahati wewe!" Nilisema ninaona.

Mwezi mmoja na nusu baadaye ikaja sikukuu yao, Mwaka Mpya wa Kichina, tarehe 10 Februari 2024. Wanafunzi wa Kichina wote walirudi makwao, maduka ya jirani yalifungwa, bwalo likafungwa. Bweni la ghorofa nane lilibaki na watu hata hawazidi thelathini. Ndicho kipindi nilichowaandikia ile barua pepe. Kwa miezi mitano hamkuwa mmempigia mwanafunzi hata mmoja kati yetu tisa.

Aliyetuangalia alikuwa mama mfanya usafi. Wachina humwita mwanamke wa rika lake *ayi*, yaani mama mdogo. Alikuwa hajui neno la Kiingereza, nami Kichina changu kilikuwa cha kuomba maji. Usiku wa mkesha alinigongea mlango na bakuli la maandazi yao ya nyama ya kuchemsha, akanishika viganja, akaguna kwa jinsi vilivyokuwa vya baridi, akaniletea chupa ya maji ya moto. Nalisema hili ili usidhani nina ugomvi na Harbin au na watu wake. Kweli, wapo waliotupiga picha kwenye treni bila kutuomba, na wapo walioshika nywele zangu kama wanakagua kitambaa. Kweli, iliniuma kuingia kwenye lifti na watu wanane na kukosa hata mmoja wa kusema naye "habari za asubuhi", mimi niliyefundishwa kutompita mtu mzima bila shikamoo. Lakini sasa napaelewa, na kuna siku napapenda. Malalamiko yangu yanakuja Arusha.

5. Neno "vumilia"

Katika kundi letu alikuwepo kijana wa Arusha. Ameniruhusu niandike habari zake, bila jina. Alikuwa wa kwanza darasani kwetu mwezi wa Oktoba. Novemba alianza kukosa vipindi vya asubuhi. Desemba alikuwa haonekani. Tukimgongea anajibu, "Nipo, nimelala." Januari tulisukuma mlango tukamkuta amezungukwa na vikombe vya tambi, madirisha yamefunikwa blanketi.

Tuliwapigia. Ofisa wenu alimtumia ujumbe wa sauti wa sekunde ishirini na mbili, ambao bado anao kwenye simu yake. Anamwambia kwamba wazazi wake wametumia fedha nyingi, kwamba kuna wengi wanaoitamani nafasi hiyo, na kwamba mwanaume huvumilia. Hakumuuliza amekula lini, wala kama analala. Hakumshauri aende kwa daktari wa chuo, ambaye alikuwepo, ng'ambo ya uwanja wa mpira, na huduma yake ilikuwa imelipiwa kwenye bima yetu.

Kuvumilia nakujua. Nimelelewa nakuona, mama yangu anavumilia jua, mvua na mgambo. Lakini anayekuambia uvumilie nyumbani anakuwa amekaa nawe, amekuletea uji. Neno hilo likitumwa peke yake kwa simu kwa mtu aliyefunga madirisha kwa blanketi, linamwambia kwamba kosa ni lake.

Alirudi Aprili 2024. Baba yake alipodai hata sehemu ya fedha, mlimwandikia kwamba mwanafunzi "ameacha masomo kwa hiari". Kwa hiari! Mtaani kwao wanasema alifukuzwa kwa ulevi. Mwaka mzima alikuwa anatoka nje usiku tu. Sasa anaendelea vizuri kidogo, anamsaidia mjomba wake dukani, na nilipomtembelea Julai tulikaa nyuma ya nyumba tukaongea Kichina, kibovu, kwa saa nzima. Bado anakumbuka majina ya mifupa yote ya mkono.

Najua mtakavyojibu

Mtasema ninyi ni wakala wa udahili tu, mengine ni ya chuo. Rudi kwenye ukurasa wa tatu wa mkataba. Kama ni udahili tu, dola 400 za uangalizi mara tisa zilikuwa za nini?

Mtasema sita kati yetu tisa tumebaki na tunafaulu, mimi nikiwemo. Ni kweli. Nimebaki kwa sababu ya daktari mmoja wa Kichina, mama mfanya usafi, na dada mmoja wa mwaka wa nne kutoka Mwanza aliyenilazimisha kutembea naye kila mchana. Hakuna hata mmoja wao mliyemlipa au kumfahamu.

Mtasema mkiongea habari za huzuni kwenye semina mtawaogopesha wazazi, nao watakwenda kwa wakala mwingine. Hili nadhani ndilo jibu la kweli, na ndilo linaloniuma. Yaani mliona, mkahesabu, mkanyamaza. Mimi nasema mzazi wa Moshi haogopi ukweli. Mzazi anayeuza ng'ombe ili mwanawe asome amekwisha kuogopa kila kitu tayari. Anachotaka kujua ni nani atakuwa na mtoto wake.

Kuna ofisa wenu aliyeniambia pale mapokezi, kwa upole, na namshukuru kwa upole huo, kwamba zamani wanafunzi walikwenda Urusi na Ujerumani Mashariki wakakaa miaka sita wakitegemea barua tu, na hawakulalamika. Babu yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Alinisimulia mwezi uliopita, kwa mara ya kwanza maishani mwake, jinsi alivyokuwa akikaa stesheni ya treni siku za Jumapili akiangalia watu wanaopokelewa. Ana miaka 78. Alilalamika, ila hakuwa na wa kumwambia.

Ninachoomba

Kwanza, semina ya tarehe 16 iwe ya siku nzima, na nusu yake iwe ya maisha yenyewe: hatua za mshtuko wa utamaduni, giza la majira ya baridi, malipo ya simu, chakula, dalili za kuangalia, na wapi pa kwenda zikitokea. Awepo mshauri nasaha; wapo Arusha na wapo Moshi. Wawepo pia wanafunzi waliorudi likizo. Mimi nitakuja bila malipo.

Pili, kila mzazi aondoke ukumbini akiwa na akaunti ya WeChat inayofanya kazi, ameijaribu, na ameandikiwa kwenye karatasi saa za Tanzania na saa za China.

Tatu, awepo mtu mmoja mwenye jina na namba, ambaye kazi yake ni kumpigia kila mwanafunzi mpya mara moja kwa wiki tangu Septemba hadi Machi. Kundi la watu kumi na watano ni simu kumi na tano kwa wiki. Akimkosa mtu mara mbili, amtafute kupitia wenzake siku hiyohiyo. Na kila mwanafunzi mpya akabidhiwe kwa mwenyeji mmoja, ambaye amekubali na analipwa hata kidogo kutoka katika zile dola 400.

Nne, mwenzetu wa Arusha. Rudisheni dola 400 za uangalizi kwa baba yake, na mmwandikie barua inayosema mwanawe aliugua na hakusaidiwa. Uchagani mtu aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la sale kuomba radhi, na anayeletewa jani hilo hulipokea. Yeye si Mchagga, lakini nimemweleza maana yake, na amesema barua ingemtosha. Anataka kuibandika mahali baba yake atakapoiona kila siku.

Majibu naomba yawe yamefika kabla ya Ijumaa tarehe 15. Yasipofika, nakala ya barua hii, pamoja na mkataba na ule ujumbe wa sauti, nitaipeleka Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Ningependa zaidi tusifike huko.

Yawe yamefika au hayakufika, Jumamosi tarehe 16 nitapanda Coaster ya kwanza kutoka Moshi. Binti wa jirani yetu nitakuwa naye, na mama yake, na simu ya mama yake ikiwa imechajiwa. Naomba mniachie nusu saa mbele ya ukumbi, kabla hamjafika kwenye habari za mizigo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwanafunzi wa kundi la Septemba 2023
Kiboriloni, Moshi